Maswali ya wasomaji: namba kwenye skrini na chuma chenyewe

Barua za mwezi huu zimetoka karakana, bandarini na kwenye njia za mabomba, na zote zinagusa upimaji bila kuharibu, kazi ambayo mafundi huiita NDT: kujua hali ya ndani ya chuma bila kukikata. Zamani mpimaji alisoma mshale au mstari kwenye kioo, akaandika namba daftarini, basi. Siku hizi mashine inahifadhi kila mwangwi. Tumechagua maswali saba. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake ni la hatari.

Kipimo kinaniambia bamba limenenepa. Inawezekanaje?

*Salaam wakuu. Bamba la ubavu wa chombo chetu lilikuwa milimita 6 lilipowekwa. Kipimo kipya cha kidijitali kinasoma 7.5. Rangi sijaikwangua, kwani niliambiwa mashine hizi mpya hazihitaji kukwanguliwa rangi. — Fundi, Mombasa*

Bamba halijanenepa, fundi. Umepima rangi ukaihesabu kuwa chuma. Mashine hiyo haijui milimita, inajua muda tu. Inatuma sauti ambayo sikio halisikii, inagonga upande wa pili wa bamba na kurudi, kisha mashine inazidisha muda huo kwa kasi uliyoiwekea na kugawanya kwa mbili. Kwenye chuma cha kawaida sauti hukimbia mita 5,920 kwa sekunde. Kwenye rangi nene ya chombo huenda kwa kasi ya kama mita 2,400. Kwa hiyo milimita 0.6 ya rangi inakula muda ambao sauti ingetumia kupita karibu milimita 1.5 za chuma. Sita na moja na nusu, hiyo ndiyo 7.5 yako.

Ila usitulie bado. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo rangi ni milimita 0.6. Kama chombo kimepakwa rangi juu ya rangi mpaka ikafika milimita 1, chuma kilichobaki ni milimita 5 tu, na namba kwenye skrini ni ile ile 7.5.

Waliokuambia rangi haikwanguliwi walimaanisha mashine yenye uwezo wa kupima kutoka mwangwi hadi mwangwi. Sauti hudunda ndani ya chuma zaidi ya mara moja. Mashine ikipima nafasi kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili wa upande wa nyuma, safari ya kwenye rangi inajifuta yenyewe, kwa kuwa imo kwenye yote miwili. Fungua menyu uone kama hali hiyo ipo na kama probu yako, yaani kichwa kinachotuma na kupokea sauti, inaikubali. Halafu uitazame picha ya wimbi, usitazame namba peke yake. Lazima uone vilele viwili vilivyo wazi, vyenye nafasi sawa. Upande wa ndani ukiwa umeliwa na kutu na kuwa kama uso wa mwezi, kilele cha pili hupotea, na mashine hushika kelele yoyote iliyo karibu. Hapo hakuna njia ya mkato: kwangua duara la sentimita 3, safisha kwa brashi ya waya, weka jeli ya kupitisha sauti kati ya probu na chuma, upime chuma kitupu.

Kabla ya kuanza, sawazisha mashine kwa kipande cha ngazi cha chuma cha aina ile ile, kwenye ngazi mbili: moja nyembamba kuliko unachotarajia kukuta, nyingine nene zaidi. Rudia kila unapobadilisha probu, kila baada ya mapumziko, na mwisho wa kazi. Kipimo cha mwisho kikikataa, vipimo vyote tangu usawazishaji uliokubali havina thamani na vinarudiwa. Joto nalo lina lake: kila nyuzi 55 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza kasi ya sauti kwa kama asilimia 1, hivyo bomba la moto husomeka nene kuliko lilivyo. Na uwe macho na bamba jembamba sana. Chini ya milimita 1.5 hivi, probu ya fuwele pacha inaweza kuruka mwangwi wa kwanza ikashika wa pili, milimita 1.2 ikasomeka 2.4. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu linakupa matumaini mahali ambapo chuma kimekwisha.

Ramani ya kutu ina faida gani kuliko vipimo vya nukta kwa nukta?

*Tuna tangi la mafuta. Mkandarasi anataka malipo makubwa zaidi achore "ramani" ya unene, wakati yule wa zamani alikuwa akipima kila sentimita 5 na tukaridhika. — Meneja wa ghala, Dar es Salaam*

Chukua mita moja ya mraba ya ukuta. Ukipima kila milimita 50 unapata nukta 400. Probu yenye kipenyo cha milimita 10 inagusa eneo la milimita za mraba 78.5, hivyo nukta zote 400 kwa pamoja zimegusa kama asilimia 3 ya ukuta. Asilimia 97 hamkuiona. Kama kutu inakula sawasawa ukuta mzima, hizo 3 zinatosha kabisa. Kama kutu ni ya vishimo, kishimo cha milimita 6 kinaweza kukaa katikati ya nukta nne na daftari likaandika "salama".

Ramani hutengenezwa kwa probu inayotembezwa kwenye reli ndogo au gari la sumaku, huku enkoda, yaani kigurudumu kinachohesabu mwendo, ikiiambia kompyuta probu ipo wapi. Kila milimita inapata kipimo chake, na kompyuta inapaka rangi kulingana na unene. Mita ile ile moja ya mraba sasa ina vipimo milioni 1.

Kuna faida ya pili, nayo ndiyo hasa ya kulipia: kurudi mahali pale pale. Tuseme 2021 mlisoma 9.6 na 2024 mkasoma 9.3. Mmepoteza 0.3 kwa miaka 3, yaani 0.1 kwa mwaka. Kama unene wa chini unaoruhusiwa ni 6.5, mna miaka 28. Lakini kila kipimo cha mkono kinaweza kukosea kwa 0.2, na mpimaji wa pili hakuweka probu palepale. Makosa yote mawili yakielemea upande mbaya, upotevu wa kweli ni 0.7, na chuma cha leo ni 9.1 tu, na maisha yaliyobaki ni kama miaka 11. Uamuzi wa miaka 28 au 11 unatoka kwenye daftari moja.

Ushauri wetu: msilipie ramani ya tangi zima. Pimeni nukta kwa nukta kwanza, kisha lipieni ramani kwenye sehemu ya chini inayokaa maji, kuzunguka viingilio vya mabomba, na popote nukta mbili jirani zimetofautiana zaidi ya milimita 1. Sehemu mbaya kuliko zote mnaweza kuibandikia kihisi cha kudumu kinachotuma kipimo kwa redio kila siku. Hakihami, hivyo mabadiliko madogo kabisa yanaonekana. Kasoro yake ni hiyo hiyo ya kutohama: kinajua habari za pale kilipobandikwa tu.

Je, altrasaundi ya safu imeshinda filamu ya mionzi?

*Kwenye mradi wetu mteja ameondoa picha za mionzi kwenye mishono ya bomba la inchi 24, ameweka PAUT, yaani altrasaundi ya safu. Wachomeleaji wanalalamika kwamba mashine mpya "inakataa kila kitu". — Mkaguzi wa mishono, Dodoma*

Malalamiko ya wachomeleaji yana chanzo, na mara nyingi ni vitu viwili vinavyokuja pamoja.

Cha kwanza ni kwamba PAUT inaona kweli kitu ambacho filamu ilikuwa ikikipitisha. Mionzi huonyesha upungufu wa chuma kwenye njia yake. Vitundu vya gesi na uchafu wa fluksi huonekana vizuri sana. Ufa mwembamba uliolala kwa pembe dhidi ya mionzi hauachi kivuli. Mahali mshono usiposhikana na ukingo uliochongwa ni hivyo hivyo: panalala kwa nyuzi 30 hivi, filamu haioni, na hiyo ndiyo kasoro inayopasua bomba. Sauti hufanya kinyume. Ikigonga uso bapa kwa pembe nzuri hurudi kwa nguvu, lakini kitundu cha mviringo huirusha huku na huku. Kwa hiyo wachomeleaji waliozoea kufuta vitundu wanakataliwa sasa kwa kutoshikana. Hapo mashine ina haki.

Cha pili ni mpangilio mbovu, na hapo wachomeleaji ndio wenye haki. Probu ya PAUT ina vipande vingi vya fuwele, tuseme 64, kila kimoja kikiwashwa kwa kuchelewa kidogo baada ya jirani yake. Kwa kucheza na ucheleweshaji huo boriti ya sauti inapinda, inapepea kutoka nyuzi 45 hadi 70 bila mkono kuigusa. Kompyuta inachora matokeo juu ya mchoro wa mshono. Mchoro huo umetoka wapi? Ni wewe uliyeuandika. Ukiingiza unene 12 wakati bomba ni 10.8, kila kitu kinachoonekana baada ya sauti kudunda mara moja chini kinahama mara mbili ya kosa lako, milimita 2.4. Umbo la kawaida la mzizi, yaani sehemu ya chini kabisa ya mshono, linahamia ndani ya mshono na kuitwa ufa, na kasoro ya kweli kwenye ukingo inahamia kwenye chuma cha bomba na kuitwa uchafu. Pima unene wa bomba pande zote mbili za kila mshono kabla ya kuandika lolote.

Yanayofuata yaangaliwe kila asubuhi, na mkaguzi adai kuona faili zake. Fuwele: washa kimoja kimoja, vilivyokufa visizidi kimoja katika 16, na visipakane. Kabari, plastiki inayokaa kati ya probu na chuma: namba iliyochongwa juu yake iwe ndiyo iliyochaguliwa kwenye programu. Kabari hiyo ikiachwa juani, sauti ndani yake inapungua kasi na pembe zote kwenye chuma zinapanuka, kwa hiyo sawazisha ikiwa na joto la kazini, usisawazishe ofisini penye kiyoyozi. Enkoda: itembeze milimita 500 kwa rula, isikosee zaidi ya asilimia 1. Jeli ikiwa nyingi mno gurudumu linateleza, na bomba lenye mzingo wa milimita 1,916 linatokea kwenye faili likiwa na 1,870.

Kisha tazama picha kwa ukaribu. Mistari myeusi ya wima maana yake mpimaji amekimbia kuliko kompyuta inavyoweza kuandika. Mahali picha nzima inapofifia, pamoja na kelele ya kawaida ya chuma, ni jeli iliyokauka. Mstari mweusi mmoja mmoja unaweza kuvumilika. Ikipakana, rudia sehemu hiyo.

Pamoja na PAUT, omba TOFD kwenye mishono minene, njia iliyobuniwa na Maurice Silk huko Harwell, Uingereza, miaka ya 1970. Probu mbili zinatazamana mshono ukiwa katikati, na kinachopimwa ni muda wa miangwi midogo inayotoka kwenye ncha za ufa, bila kujali ukubwa wa mwangwi. Kwa hiyo inapima urefu wa ufa kwenda ndani vizuri sana. Kwa bamba la milimita 25 na pembe ya nyuzi 60, ukilenga theluthi mbili za kina, probu zinawekwa umbali wa milimita 58 hivi. Udhaifu wake ni kwamba milimita chache za juu kabisa haizioni, hivyo usiitumie peke yake.

Filamu haijafa. Mishono ya chuma cha pua ina chembe kubwa zinazopindisha sauti, na mabomba membamba hayana nafasi ya kabari kufanya kazi. Ila kuna jambo la watu. Chanzo cha mionzi cha iridiamu-192 chenye nguvu ya kyuri 20 kinatoa kama milisiveti 96 kwa saa kwa umbali wa mita 1. Bila kikinga, kushuka hadi mikrosiveti 7.5 kwa saa kunahitaji uzio wa mita 113 kila upande. Kazi ya usiku, eneo zima limefungwa, kila mtu kaondoka. PAUT inafanyika mchana, wachomeleaji wakiendelea mita chache pembeni. Tunaamini hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kubadilisha pale ambapo chuma kinaruhusu.

Mstari kwenye picha ya bamba la fosfori ni ufa au mkwaruzo?

*— Msomaji, Nairobi*

Bamba hili hushika picha ya mionzi badala ya filamu. Piga tena mahali pale pale, ukiwa umegeuza bamba nyuzi 180. Mstari ukigeuka pamoja na bamba, ni mkwaruzo. Ukibaki kwenye mshono, ni chuma. Kivuli cha picha ya jana maana yake bamba halikufutwa vya kutosha kwa mwanga mkali. Soma bamba kwenye skana mapema baada ya kupiga, maana picha hufifia yenyewe. Na kamwe usihukumu picha iliyopitishwa kwenye kichujio cha kunoa: kichujio hicho huweka ukingo mweupe kando ya kila kitu cheusi, hata uchafu wa kawaida ukafanana na ufa. Tazama faili ghafi kwanza, kichujio baadaye.

Bomba likishafukiwa, nani ataliona tena?

*Sisi tuko karibu na Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, limefunikwa kwa kinga ya joto na kufukiwa. Litapimwaje ndani ya ardhi? — Msomaji, Tanga*

Mabomba ya namna hiyo hupimwa kutoka ndani. Kifaa kirefu, ambacho wenyewe hukiita pigi, kinaingizwa kwenye mlango maalumu na kusukumwa na mafuta yenyewe. Kuna aina mbili kubwa. Moja imebeba sumaku zenye nguvu zinazojaza ukuta wa bomba kwa usumaku. Palipoliwa na kutu, usumaku huvuja nje na vihisi hukamata. Nyingine inatumia altrasaundi, na mafuta ndiyo jeli yake. Ndiyo maana bomba la gesi, kama lile la Mtwara hadi Dar es Salaam, halifai kwa aina hii ya pili bila mbinu za ziada: gesi haipitishi sauti hiyo vya kutosha.

Kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, kilomita 1,443 ni safari ya siku 11 usiku na mchana, na kila kihisi kikiandika kila milimita 3 kinajaza vipimo milioni 481. Hakuna anayefanya safari moja ya namna hiyo; njia hugawanywa vipande kati ya vituo.

Shida ya mafuta ya Hoima ni nta. Yanapashwa joto ili yasigande, na nta ikishika ukuta inainua vihisi vya sumaku na kunyonya sauti. Kwa hiyo pigi za kusafisha hutangulia, wakati mwingine mara kadhaa, mpaka nta inayotoka iwe kidogo. Pigi ya kupima ikiingia kwenye bomba chafu, data inarudi na mashimo na safari inarudiwa kwa gharama ile ile.

Shida ya pili ni kujua pa kuchimba. Magurudumu ya kuhesabu mwendo yanateleza kwenye nta, na kosa la asilimia 0.1 tu kwa kilomita 100 ni mita 100. Kwa hiyo hutegemewa alama zilizowekwa juu ya ardhi kila kilomita moja au mbili, na mishono yenyewe. Karatasi ya kuchimbia haisemi "kilomita 83.214" ikaishia hapo. Inasema: mita 4.7 mbele ya mshono fulani, kwenye namba 5 ukitazama bomba kama uso wa saa. Wachimbaji hufunua mshono kwanza, kisha hupima kwa futi kamba.

Akili mnemba inaweza kusoma picha badala ya mtu?

*— Mhandisi kijana, Mwanza*

Inasaidia kupunguza kazi. Mshono mmoja wa inchi 24, pembe 26 kwa kila milimita, una miangwi karibu 50,000 kwa upande mmoja tu. Programu ikionyesha mahali 30 pa kutazama, mpimaji anabaki na nguvu za kufikiri.

Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa chuma chako. Hesabu ya wazee wa fani hii haijapitwa na wakati: chukua kasoro 29 za ukubwa unaouogopa, ambazo programu haijawahi kuziona. Ikizipata zote 29, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba inapata angalau 90 katika kila 100. Ikikosa moja tu, huwezi kusema hivyo kwa idadi hiyo; unahitaji nyingi zaidi. Changanya na vipande vizima pia, uone inapiga kelele bure mara ngapi. Na programu iliyofundishwa kwa mishono ya milimita 25 isipewe milimita 8 bila jaribio jipya.

Uliuliza pia kuhusu droni ndani ya tangi. Fanya hesabu ya pikseli kabla ya kukodi. Kamera ya pikseli 4,000 ikitazama upana wa mita 2, kila pikseli ni milimita 0.5, ufa wa 0.2 hautegemewi kuonekana, hata video iwe nzuri namna gani. Isogeze mpaka ione sentimita 40, upate milimita 0.1 kwa pikseli. Na droni ya kupiga picha haipimi unene.

Tumepewa PDF tu. Inatosha?

*— Msimamizi wa kiwanda, Morogoro*

Haitoshi. PDF ni maoni ya mpimaji; data ni ushahidi. Miaka 5 ijayo mkitaka kujua kama ufa ulikuwepo au umezaliwa, picha iliyobandikwa kwenye ripoti haitafunguka kwa pembe nyingine. Andikeni kwenye mkataba, kabla kazi haijaanza, kwamba mtakabidhiwa faili ghafi za kila mshono, faili za mpangilio zenye namba ya probu na kabari, faili za usawazishaji za mwanzo na mwisho wa zamu, na programu ya bure ya kuzifungua, maana kampuni nyingi za mashine zina muundo wao wa faili. Kwa picha za mionzi ombeni muundo wa DICONDE, uliotokana na ule unaotumika hospitalini, ambao huhifadhi picha pamoja na maelezo yake.

Majina ya faili yawe na namba ya bomba, namba ya mshono, tarehe na upande aliosimama mpimaji. Alama ya sifuri, pale enkoda ilipoanzia, ipigwe muhuri kwenye chuma chenyewe pamoja na mshale wa mwelekeo. Kalamu ya rangi haitoshi, mvua moja inaifuta. Kisha chagueni mishono mitatu bila kuwaambia, mfungue faili zake mbele yao, na muulize kila moja inaanzia wapi kwenye bomba.